And Mbili kwa Kompo Moja

Juzi binti yangu alinisukumia daftari lake mezani, hapa kwetu Syokimau, akasema, "Mathe, niangalizie hii. Ni kujoin tu sentensi." Maagizo ya juu yaliwataka waunganishe sentensi za wakati uliopita kwa and, but, or na so. Alikuwa amejaza zote kumi na zote zilikuwa sahihi. Niliweka kalamu chini, nikatoka kwenda kusimama nje penye kamba ya nguo, na sikurudi mpaka alipokuja kuniuliza kama nimekasirika.

Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimemkumbuka Mwalimu Mulwa, na mtu huyo simkumbuki kwa hasira. Hasira unampa mtu aliye na uzito. Yeye namkumbuka kwa dharau, kama unavyokumbuka mbung'o aliyewahi kukuuma: si mkubwa, wala hana akili, ila alikuuma na uliumwa.

Ninyi wenzangu mliokaa watatu kwenye dawati la watu wawili mnamjua mwalimu wa namna hiyo, hata kama wenu alikuwa na jina lingine. Wetu alifundisha Kiingereza katika shule ya msingi upande wa Katelembo, shule ya madarasa manane na mlingoti mmoja. Alivaa suti ya mikono mifupi yenye rangi ya chai iliyopoa, na mfukoni kifuani alichomeka kalamu mbili nyekundu, kana kwamba makosa yetu yangeweza kuimaliza moja kabla ya saa nne. Hakuwahi kufika mbali zaidi ya Nairobi, lakini alizungumza habari za London kama mtu aliyeacha sufuria jikoni huko. Tulimwogopa, tukadhani kuogopa ndiko kuheshimu. Mimi nilizidi: nilimpenda. Nilikuwa wa kwanza kwa Kiingereza darasa la sita, na kompo zangu, ndivyo tulivyoziita insha za Kiingereza, alizipeleka darasa la saba akazisoma kwa sauti ili kuwaaibisha wakubwa.

Somo lake kuu lilikuwa viunganishi. Aliviandika ubaoni kila Jumatatu kabla hata ya tarehe, na kila kimoja alikipa sheria yake. But ni ya vitu vinavyogombana. Or ni ya watu wasiojua wanachotaka. And, hiyo ndiyo aliyoichukia.

"And, and, and," alikuwa akisema huku akitembea kati ya madawati na fimbo yake ya mkwaju. "Nani husema vile? Mbuzi! Mbuzi ndiye husema mee, mee, mee. Kompo moja, and mbili. Ya tatu, unajua."

Tulijua. And ya tatu ilikuwa viboko viwili, na kila iliyoongezeka ilikuwa viwili vingine. Kalondu, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa akipigwa kila wiki, kwa sababu Kalondu alisimulia mambo kama yanavyotokea, moja likifuatwa na lingine, na hakuona kwa nini ayazuie. Alirudi dawatini akikung'uta mikono, ananinong'oneza, "Leo nilikuwa na mbuzi watano," na sote wawili tunacheka chini ya daftari.

So ndiyo iliyokuwa malkia. "Mtoto anayeandika so," alituambia, "ni mtoto anayefikiri." Ukiweka so mahali panapofaa alichora mkwaju mwekundu wa tiki pembeni, mrefu mpaka ukurasa wa pili. Niliziwinda tiki zile kama watoto wengine walivyowinda kumbikumbi.

Na past tense? Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakulifundisha. Alikuwa akisema wakati uliopita ni wakati uliofungwa, jambo limekwisha, huweki mkono tena. Nilimwelewa kitoto: nikadhani past tense ni kama stoo ya nyuma. Jambo ukishalipa -ed umelifungia huko, halina meno tena, haliwezi kutoka likamfanyia mtu lolote. Niliandika kwa past tense bila woga wowote, vile mtu anavyotembea makaburini mchana.

Mwaka huo mvua ilikosa mara mbili. Mahindi yalisimama mashambani kama vijiti vya kuchokolea meno, na shuleni tukaletewa chakula cha msaada: mahindi ya njano, maharagwe, na mafuta ya kupikia katika madebe makubwa yenye maandishi ya buluu. Mama yake Kalondu alichaguliwa kuwa mpishi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na alipotugawia isyo, mahindi na maharagwe yake, alitazama uso wa kila mtoto kabla ya kutia upawa, akijua nani nyumbani kwao hakukupikwa. Ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni kwa uzi. Ufunguo wa pili, maana kufuli lilikuja na funguo mbili, ulikaa kwa mwalimu aliyesimamia chakula, na mwalimu huyo alikuwa Mwalimu Mulwa. Jambo hilo lilijulikana na shule nzima. Ajabu ni jinsi jambo linavyoweza kujulikana na shule nzima halafu lisikumbukwe na mtu hata mmoja.

Jumanne moja asubuhi debe zima la mafuta halikuonekana. Hedimasta alitusimamisha gwaride akauliza nani alimwona mtu yeyote karibu na stoo siku iliyotangulia. Nikainua mkono. Sikuinua kwa kuwa nilijua kitu. Niliinua kwa kuwa swali liliulizwa, na mimi nilikuwa mtoto wa kuinua mkono.

"Nilimwona Mama Kalondu akifungua stoo asubuhi," nikasema. "Nilikuwa nimetumwa chaki."

Watu walicheka kidogo. Mama Kalondu alifungua stoo kila asubuhi, angetoa wapi maharagwe? Hedimasta mwenyewe alikuwa karibu kuniambia nikae chini. Lakini Mwalimu Mulwa alimnong'oneza, kisha akanishika bega.

"Mumbua ataandika," akasema. "Kwa Kiingereza. Kamati haiwezi kusikiliza maneno ya mdomo."

Akanipeleka stafurumu, mahali ambapo mwanafunzi aliingia tu kwa kupigwa au kutumwa. Akanivutia kiti. Akanimiminia chai yenye maziwa katika kikombe cha walimu, akanipa karatasi yenye mistari, akasema, "Past tense. Sentensi kamili. Viunganishi vyako unavijua." Nikanywa chai ile nikijiona nimeolewa na serikali.

Niliandika kwamba Jumatatu asubuhi Mama Kalondu alikuja stoo and akafungua mlango. Niliandika kwamba alichukua ndoo ya maharagwe and akaenda jikoni. Hapo and zangu mbili zikawa zimekwisha. Ikabaki sentensi ya mwisho, ya kuunganisha mambo mawili ambayo kila mtu aliyajua: kwamba Mama Kalondu alikaa na ufunguo, na kwamba mafuta yalipotea. Sikutaka kusema zaidi ya hayo. Kwa Kikamba ningeyataja yote mawili, moja kando ya lingine, nikanyamaza, na mwenye masikio angejua kwamba sijui.

Lakini ilibidi niunganishe. And ya tatu ilikuwa viboko, tena mbele ya walimu wote wakinywa chai. Nikafikiria but. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani miaka mingi: Mama Kalondu kept the key but the oil got lost. Alikaa na ufunguo, lakini mafuta yakapotea hata hivyo. But ingemwokoa. Herufi tatu. Nilikataa kuitumia kwa sababu but ni ya vitu vinavyogombana, na Mama Kalondu hakuwa amegombana na mtu.

Nikaandika so. Mama Kalondu kept the key so the oil got lost. Alikaa na ufunguo, kwa hivyo mafuta yakapotea.

Mwalimu Mulwa aliisoma akiwa amesimama. Kisha akatoa kalamu nyekundu, nami naapa kwa aliye juu, akaisahihisha. Alirekebisha tahajia ya neno bucket, yaani ndoo. Na pembeni ya ile so akachora tiki, ndefu, mpaka chini ya karatasi. Aliusahihisha ushahidi kama kompo, na mimi nikarudi darasani nikifurahi.

Kamati ilikaa alasiri hiyo hiyo ndani ya darasa la nane: wazazi saba na kofia zao. Nikaitwa nisimame mbele. Mama Kalondu alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, mikono yake ina majivu bado. Mwalimu Mulwa akasoma karatasi yangu kwa sauti ya puani, polepole, akiutua ulimi juu ya kila neno. Mama Kalondu hakujua Kiingereza. Kila aliposikia jina lake alininyanyulia macho, na mara ya tatu akanitabasamia. Alidhani ninamtetea.

Mwenyekiti akajikuna shingo. "Mwalimu, hiyo ya mwisho, so, inasema nini?"

"Inasema ni kwa sababu yake, mwenyekiti. Ni mtoto mwenyewe ameandika. Mtoto hana fitina."

"Ii," wakasema wale wenye kofia, kila mmoja akimtazama mwenzake ajue kama ameelewa. Hakuna aliyeuliza habari za ufunguo wa pili. Hakuna aliyeniuliza mimi neno lolote. Nimekutana na wajinga wengi maishani, lakini wale walikuwa wajinga wenye kuona haya kuuliza, na hao ndio wabaya. Mama Kalondu akaambiwa avue ufunguo auweke mezani. Uzi ulinasa kwenye kilemba chake. Ilibidi mtu amsaidie.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshasikia kisimani. Alikuwa akipepeta mawele na hakuacha kupepeta.

"Mumbua, ulimwona Mama Kalondu akiiba mafuta?"

"La, mwaitu."

"Sasa mbona ulisema?"

"Sikusema. Niliandika."

Ungo ukasimama. "Uliandika nini? Niambie kwa Kikamba."

Nikamwambia kwa Kikamba. Nilipofika kwenye neno la kuunganisha nilisita, kwa sababu kwa Kikamba ulimi ulikataa kulitoa. Kwa mara ya kwanza nilisikia nilichokuwa nimeandika. Nikajaribu kumweleza kuhusu and mbili, kuhusu vitu vinavyogombana, kuhusu mtoto anayefikiri. Mama alinisikiliza mpaka mwisho akinitazama kama mtu aliyegundua kwamba ng'ombe wake anaongea.

Kesho yake alinishika mkono tukaenda shule. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Mwalimu Mulwa alitupokea mlangoni pa stafurumu, hakutukaribisha ndani.

"Mwalimu, nimekuja na mtoto wangu," mama akasema. "Yeye hakuona mtu akiiba. Ile karatasi ina makosa. Tafadhali irekebishwe."

"Makosa?" Mwalimu akaonekana kuumia kweli. "Mama, mimi nimesahihisha kwa mkono wangu. Makosa ni gani? Tense iko sawa. Conjunction iko sawa. Hakuna kosa pale."

"Mimi sijui hizo, mwalimu. Najua tu hakuona."

"Na hakuandika kwamba aliona. Soma vizuri." Alijua mama hajui kusoma. Kisha akanitazama mimi, akainua nyusi, akasema, "Kamati imeshaamua, mama. Hiyo sasa ni past tense."

Akacheka. Alikuwa amefanya mzaha, na pale mlangoni aliyeuelewa alikuwa mimi peke yangu. Mama alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, akitafuta kilichochekesha.

Nami nikatabasamu.

Nimefanya mambo mengine mabaya tangu hapo, ya mtu mzima, yenye sababu. Hakuna ninalolidharau kama tabasamu lile. Mama alikuwa amevaa viatu vilivyombana vidole kwa ajili yangu, na mimi nilisimama upande wa mwenye kalamu kwa sababu nilielewa mzaha wake. Mama aliliona. Aliuachia mkono wangu, akashuka ngazi, akaniacha nitembee nyuma yake.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Mama Kalondu. Alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe machache kwenye sinia. Mama alimwambia yote, hakunificha. Mama Kalondu akatikisa kichwa. "Mtoto ni mtoto," akasema. "Ametumwa." Kisha akaniomba nimwambie ilivyosomeka, neno kwa neno, kwa Kiingereza, halafu maana yake. Nilimwambia. Alirudia ile so kinywani mara moja, kwa upole, kama mtu anayeonja chumvi. "Kadogo hivyo," akasema.

Kalondu alikuwa nyuma ya nyumba akifua. Nikaenda nikasimama karibu na beseni.

"Sikutaka," nikamwambia. "And zilikuwa zimeisha. Nilikuwa nimetumia mbili."

Hakuinua uso. "Si ungeandika ya tatu?"

"Angenipiga."

"Viwili," akasema Kalondu. "Angekupiga viwili."

Kalondu aliyekuwa akila viboko kumi kwa wiki kwa ajili ya kusimulia mambo yalivyokuwa aliniangalia sasa, bila chuki, akiwa amechoka tu. Kisha akaikamua nguo iliyokuwa mkononi, na maji yake yakaniangukia miguuni.

Wiki mbili baadaye Kalondu na mama yake walihamia kwa nyanya yake Kalondu, Kithyoko. Bila kazi ya jikoni hapakuwa na cha kuwaweka kwetu. Walipata nafasi katika pikapu ya mfanyabiashara wa mbuzi, Msomali mmoja wa mjini Machakos aliyekuwa akienda mnadani huko na kurudi, ambaye alimwita Mama Kalondu dada na akakataa kupokea chochote. "Panda mbele, dada, huku nyuma vumbi mingi," nilimsikia akisema. Mgeni yule alimpa heshima zaidi katika dakika moja kuliko tulivyompa sisi kwa miaka yote aliyotupikia. Kalondu alipanda nyuma kati ya mbuzi. Nilikuwa nimemletea rula yangu ya plastiki kama zawadi. Alisema, "Kaa nayo," na gari likaondoka.

Mwezi ule ule Mwalimu Mulwa alifanyiwa ntheo ya binti yake, ile sherehe ya kuleta mbuzi wa mahari, na watu wote wakaalikwa. Katika mwaka wa njaa, mwalimu alikuwa na chapati. Zilipangwa kwenye karai moja juu ya nyingine, zinang'aa mafuta mpaka karatasi iliyozifunika ikawa kama kioo. Nyuma ya jikoni, mahali pa kuoshea sahani, kulikuwa na debe lililokatwa mdomo, limejaa maji. Lilikuwa na maandishi ya buluu.

Niliyasoma. Mama yangu, asiyejua kusoma, aliyatambua kwa rangi. Wanawake waliokuwa wakiosha sahani waliyaona kabla yetu. Mwenyekiti wa kamati alikuja, akachota maji humo kwa mikono miwili, akanawa, akaona, akajipangusa kwa leso, akarudi kwenye kiti chake. Mwanamke mmoja aliinama akalizungusha debe polepole mpaka maandishi yakatazama ukuta. Basi. Hiyo ndiyo haki yote iliyotendeka Katelembo kuhusu jambo hilo.

Mama hakula. Alisema tumbo linamsumbua. Mimi nilikula chapati tatu, na zilikuwa tamu.

Msidhani Mwalimu Mulwa alikuja kukamatwa, au kufukuzwa, au kuugua ugonjwa wa ajabu. Alifundisha mpaka akastaafu na akapewa kuku na saa ya ukutani. Mama Kalondu nilisikia aliuza mboga Kithyoko, kisha Ekalakala, kisha sikusikia tena. Nilipokuwa kidato cha pili nilimwandikia Kalondu barua kwa Kiswahili, nikampa mtu anayekwenda sokoni kule. Haikujibiwa, na nilifarijika, jambo linalowaambia nilikuwa mtu wa aina gani.

Lakini kabla ya hapo palikuwa na siku ya matokeo ya darasa la nane. Nilipata alama ya juu kabisa ya Kiingereza ambayo shule ile ilikuwa imewahi kupata, na hedimasta akawaita wazazi wote. Kufikia hapo nilijua kila kitu. Nilijua nani alichukua debe, nilijua but ingefanya kazi gani, na nilikuwa nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba sheria ya and mbili haipo mahali popote duniani, aliitunga mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nina Kiingereza cha kutosha kumwambia hayo yote mbele ya watu, katika wakati uliopita, bila kosa moja.

Mwalimu Mulwa aliinuka, akatengeneza kalamu zake mfukoni, akaninyooshea mkono. Watu wakapiga makofi. Mama yangu alikuwa safu ya nyuma, na mikono yake ilikuwa mapajani.

Nikaupokea ule mkono kwa mikono yangu miwili, nikakunja goti kidogo, nikasema, "Thank you, sir." Na hakuna aliyenilazimisha.